Mwanafunzi Aliyekosa wa Kumbishia

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, jambo ambalo wenyeji wake hulistaajabia kila waamkapo. Ilikuwa na mito, na milima, na wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko mito na milima yake kwa pamoja. Ilikuwa pia na kiongozi mmoja aliyeitwa Mlezi, kwa kuwa neno "rais" lilionekana kudokeza kwamba huenda siku moja akaja mwingine.

Mwaka mmoja Mlezi alisafiri ng'ambo kutibiwa goti. Wenyeji wake, walipokosa la kumwonyesha kati ya sindano moja na nyingine, wakampeleka kutazama chuo kidogo kilichokuwa kando ya msitu. Huko aliwaona vijana wameketi majanini bila viatu, pamoja na mwalimu ambaye naye hakuwa na viatu, wakibishana juu ya jambo ambalo mkalimani alishindwa kulifasiri. Mlezi akauliza chuo kile kinazalisha nini. Akajibiwa kwamba kinazalisha maswali.

Aliporejea, alilihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "nimegundua kwa masikitiko makubwa kwamba nchi yetu haina maswali yake yenyewe. Maswali yote tunayoulizwa yanatoka nje. Tunaulizwa na mabalozi, tunaulizwa na wafadhili, tunaulizwa na waandishi wa habari wa kigeni. Hivi mpaka lini taifa huru litaendelea kuulizwa maswali ambayo halikuyalima lenyewe?"

Umati ukapiga makofi, kwa kuwa hilo lilikuwa swali, na makofi ndiyo yaliyokuwa jibu lake la kawaida.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chuo cha Fikra Pana, juu ya kilima cha Chambati, katika majengo ya kilichokuwa kituo cha utafiti wa kunde. Kituo hicho hakikuwahi kugundua lolote kuhusu kunde, lakini kiliziacha nyingi mno. Darasa la falsafa liliendelea kuitwa Ghala la Mbegu Bora, na maktaba ilikuwa na harufu ambayo mgeni aliitambua kabla hajavuka kizingiti.

Hati ya chuo ilinakiliwa neno kwa neno kutoka ile ya chuo cha msituni, na ilinakiliwa kwa haraka, kwani Mlezi alitaka kufanya uzinduzi kabla goti halijamrudia. Hati ilisema kwamba chuoni hapatakuwa na mitihani wala alama. Ilisema hapatakuwa na mkuu wala mdogo, bali wote watakuwa wenzetu. Ndiyo maana Profesa Lugome, aliyekuwa mkuu, akaitwa Mwenzetu Mkuu. Ilisema kila siku wote watakutana katika Duara, juu ya viti vilivyo sawa. Kisha ikasema hivi: hakuna mwanafunzi atakayehitimu, wala kushuka kilimani, kabla hajapingwa kwa dhati na mwanafunzi mwenzake, mbele ya Duara, katika neno lolote alilolisema, na aliyepingwa athibitishe kwa kinywa chake kuwa amepingwa. Hapo kengele ipigwe, naye aende zake.

Huko msituni sharti hilo lilikuwa jambo la alasiri moja, maana watu wa huko hupingana hata wanapopitishiana sukari. Lakini katika nchi hii, mtoto alifundishwa kuinua mikono yote miwili kuunga mkono hoja kabla hajafundishwa kushika penseli. Maofisa wa Wizara ya Elimu na Utulivu wangelifuta sharti hilo kama wangelisoma. Aliyelisoma alikuwa Mlezi peke yake, kwa sauti, siku ya uzinduzi, akapendezwa na mlio wake, akasema, "Na iwe hivyo." Tangu hapo likawa neno la Mlezi, na neno la Mlezi halikuwa na mlango wa nyuma.

*

Siwatu binti Hamadi alipewa jina lake na mama yake, aliyekuwa amegombana na majirani wa pande zote mbili juma lile alipojifungua. Jina lilikuwa ujumbe kwa majirani, wala halikumhusu mtoto. Majirani walihama, jina likabaki kwake.

Alipanda kilima pamoja na kundi la kwanza, akiwa na sanduku la bati na hamu ya kujua mambo. Kundi hilo lilipungua taratibu, kila mmoja kwa njia yake. Watoto wa wakubwa walihamishiwa Chuo cha Itifaki, ambako walijifunza kufungua milango ya magari. Mapacha wawili ambao hawakuvumiliana tangu tumboni walipingana siku ya kwanza ya Duara na wakahitimu kabla ya chai. Walimu walichukua likizo ya kutafakari, wakaenda kutafakari katika nchi nyingine, na huko tafakuri ikawanogea. Waliobaki walichukuliwa, mmoja baada ya mwingine, kwenda kusoma masomo ya juu. Masomo ya juu yalitolewa katika jengo lililokuwa chini ya ardhi.

Wa mwisho kuchukuliwa alikuwa Ngwali.

Ngwali alikuwa kijana mwembamba, mwenye nyusi zilizoonekana kutokubaliana, na yeye na Siwatu walikuwa wakipika pamoja, kwa kuwa Hati ilitaka wanafunzi wajipikie. Walipika kunde, na walibishana juu ya chumvi. Siwatu alishikilia kwamba chumvi hutiwa mwishoni, kwa sababu ikitiwa mwanzoni kunde hukaidi, hazilainiki. Ngwali alishikilia kwamba chumvi hutiwa mwanzoni, la sivyo hukaa juu ya kunde kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

"Zitakuwa ngumu kama kokoto," Siwatu alikuwa akisema.

"Aa, wapi!" Ngwali alikuwa akijibu. "Ngumu ni meno yako ya kudeka."

"Mama yangu amepika kunde kabla wewe hujazaliwa."

"Na kabla sijazaliwa zilikuwa hazina ladha. Uliza watu."

Ubishi huo uliendelea kwa miaka mitatu bila upande wowote kusogea, na Siwatu hakuwa na furaha nyingine iliyoukaribia. Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: mwaka wa tatu ukiisha, wakiwa wameshajifunza walichokijia, Ngwali angempinga Siwatu mbele ya Duara, naye Siwatu angempinga Ngwali, na wote wangeshuka kilima. "Nitakupinga mpaka kengele ipasuke," Ngwali aliahidi.

Wiki moja kabla ya hapo, Waziri alikuja kukitembelea chuo. Alionja kunde, akatangaza mbele ya wapiga picha kuwa hajapata kula kunde tamu kama hizo maishani mwake.

"Aa, wapi!" akasema Ngwali.

Kengele haikupigwa, kwa kuwa Waziri hakuwa mwanafunzi. Lilikuja gari, likafungua mlango.

*

Siwatu akabaki kuwa wanafunzi wote wa Chuo cha Fikra Pana.

Kila asubuhi aliketi katika Duara. Viti vyote vilipangwa kama zamani, kwa kuwa Hati ilivitaja, naye Profesa Lugome aliketi upande wa pili, mbali kidogo, akitoa udhuru wa kila kiti kilichokuwa kitupu. Profesa alikuwa mwenzetu, lakini hakuwa mwanafunzi, kwa hiyo hakuna alichoweza kumpinga kikahesabika. Aliwahi kujaribu, kwa wema. Alimwambia kuwa mvua haitanyesha, ikanyesha, wote wawili wakalowa, na kengele ikabaki inaning'inia juu ya vichwa vyao.

Siwatu alikuwa rais wa serikali ya wanafunzi. Alikuwa pia zamu ya jikoni, zamu ya usafi, timu ya netiboli na klabu ya mdahalo, ambayo ilikuwa ikiahirisha vikao kwa kukosa upande wa pili. Katika uchaguzi mmoja alipiga kura ya kumkataa mgombea, akidhani kwamba ingechangamsha mambo. Wizara ikatuma watu wawili kumtafuta aliyeipiga kura hiyo. Waliwahoji wote waliokuwapo, kisha wakamwomba rais wa wanafunzi awasaidie kumtambua mkorofi, naye akawasaidia kutafuta mpaka jua likapungua. Hakupatikana.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha maswali. Aliyaandika, yakapelekwa Wizarani kukaguliwa, na yaliyofaa yakarudishwa yakiwa yameanzishwa kwa maneno "Je, si kweli kwamba." Magazeti yaliandika kuwa nchi sasa inajitosheleza.

Dereva wa lori la maji ndiye aliyemletea salamu za nyumbani. Alikuwa mtu asiyependa maneno mengi, na salamu zilizidi kuwa fupi kila alipozibeba.

"Mama yako anasema macho yanaingia ukungu," alimwambia siku moja, akifungua bomba. "Anasema uje akuone, angali anaona."

"Mwambie ninangoja mtu wa kunipinga."

"Hilo nitalisahau njiani," akasema dereva. "Nipe jingine."

*

Siwatu akaomba rasmi apatiwe mpinzani. Ombi lilikaa sana Wizarani, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hapakuwa na dawati lililokuwa tayari kukutwa nalo. Mwishowe Wizara ilimteua ofisa wake, Bwana Chanzera, kuwa Mpinzani wa Muda, ikamwandikisha chuoni kama mwanafunzi, ikampatia suti.

Bwana Chanzera alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi, aliyekuwa akisimama kila mtu alipokohoa. Aliketi katika Duara, akaisikiliza tasnifu ya Siwatu tangu mwanzo hadi mwisho. Tasnifu ilisema jambo moja, ikilizunguka kwa pande zote: kwamba ukweli huhitaji watu wawili, kwani mtu aliye peke yake hana njia ya kujua kama anafikiri au anazungumza na ukuta.

"Mwenzetu Chanzera," akasema Profesa, "umesikia. Pinga."

Bwana Chanzera alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mwenzetu Mkuu, awali ya yote naomba nimshukuru Mlezi kwa kuniamini nipinge. Pili, nimpongeze dada yetu kwa hoja nzito, yenye mashiko. Baada ya kusema hayo, natamka bila kumung'unya maneno kwamba naipinga hoja hii kwa nguvu zangu zote, na ninaiunga mkono kwa asilimia mia moja."

"Itabidi uchague moja."

"Nimechagua yote mawili, Mwenzetu Mkuu, kwa mujibu wa maelekezo."

Siwatu akainama mbele. "Kaka Chanzera, sahau hotuba. Niambie tu kwamba nimekosea."

"Umekosea," akasema Bwana Chanzera.

Mkono wa Profesa ulikwenda kwenye kamba ya kengele.

"Umekosea kuidharau kazi yako, dada yangu. Haina dosari hata moja."

Mkono ukarudi.

Siwatu alijaribu njia nyingine. Alimwambia kuwa mbili na mbili ni saba. Bwana Chanzera akasema kuwa hilo ni wazo pana. Alimwambia kuwa amevaa koti nje ndani. Koti lilikuwa limevaliwa sawasawa. Bwana Chanzera aliliangalia, akamshukuru kwa jicho lake kali, akalivua, akaligeuza, akalivaa nje ndani, akaketi. Alibaki hivyo mpaka jioni, na lebo ya fundi ilionekana shingoni mwake. Hapo ndipo Siwatu alipojisikia mpweke kuliko siku zote alizokuwa peke yake.

Wizara haikukata tamaa. Iliunda Kamati ya Wataalamu ya Kubaini Dhati, ambayo ilisafiri nchi nzima ikiwataka wananchi wapinge kitu chochote, na kila mahali ilipokewa kwa ngoma. Kamati ilirudi na matokeo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba upingaji wa dhati humtoka mtu kabla yeye mwenyewe hajajua kuwa unamtoka, mfano wa chafya. La pili lilikuwa kwamba katika kumbukumbu zote za taifa alionekana mtu mmoja tu aliyewahi kuuonyesha, mbele ya mashahidi, juu ya kunde.

"Na bado ni mwanafunzi wa hapa," Bwana Chanzera alimweleza Siwatu kwa furaha. "Jina lake halijafutwa. Yuko masomo ya juu, basi."

Siwatu alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini. "Hajambo?"

"Hajambo sana! Anawaongoza wenzake. Majuzi alikubali mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Wamebakiza kumpa cheti."

"Na mtamleta anipinge."

"Tumeshamkatia kibali." Bwana Chanzera alikunjua karatasi yenye mihuri. "Kinamruhusu kuipinga tasnifu, kuanzia kichwa chake hadi nukta ya mwisho. Hapo ana uhuru kamili, hata mimi namwonea wivu. Akipinga kitu kingine chochote, kilicho nje ya tasnifu, basi itakuwa dalili kwamba masomo hayajamkolea, na ataanza tena mwaka wa kwanza. Lakini hilo halitatokea. Ni kijana mwema siku hizi."

*

Walimleta kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa amevaa koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na nyusi zake zilikuwa zimenyooka. Alisimama kando ya kiti mpaka alipoambiwa kwamba kinaweza kukaliwa.

Siwatu alikuwa amepika kunde tangu asubuhi. Alizipika kwa namna yake, akatia chumvi mwishoni kabisa, mbele ya macho ya Ngwali, akiinua mkono juu zaidi ya inavyohitajika. Kisha akampakulia, akangoja.

Ngwali alikula.

"Zikoje?" akauliza Siwatu.

"Nzuri."

"Chumvi?"

"Inatosha."

"Nimeitia mwishoni, Ngwali."

"Mwishoni ni pazuri," akasema Ngwali, akaendelea kula mpaka sahani ikawa tupu, kisha akaiweka mahali ambapo alionyeshwa.

Siwatu hakula. Alikuwa amejiandaa kumkuta amekonda, na hata kumkuta na makovu. Hakuwa amejiandaa kupewa ushindi.

Duara liliketi. Profesa Lugome alivaa joho. Bwana Chanzera alijaza kiganja karanga, maana alikuwa ameambiwa kuwa mpingano wa kweli ni kitu cha kutazama. Siwatu aliisoma tasnifu yake tena, na aliposema kwamba ukweli huhitaji watu wawili, alimtazama Ngwali. Ngwali alikuwa akitazama magoti yake.

"Mwenzetu Ngwali," akasema Profesa, "pinga."

Ngwali alisimama, akaisema hoja yake bila kutazama popote. "Napinga. Mtu mmoja anatosha kuujua ukweli, ilimradi mtu huyo awe Mlezi." Akaketi.

Bwana Chanzera alipiga makofi mpaka karanga zikamwagika. "Kengele, Mwenzetu Mkuu! Kengele!"

Profesa aliishika kamba, akaiangalia, akaiachia. Alikuwa mtu mwoga, na alikuwa ameshaachia mambo mengi maishani mwake, lakini jambo hili moja alikuwa bado amelishika, labda kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba aliachie. "Hapana," akasema kwa upole. "Hilo halikumtoka. Limetolewa. Neno la Mlezi linataka dhati, na Kamati yenyewe imesema ni kama chafya."

"Hata chafya inaweza kuandaliwa," akasema Bwana Chanzera kwa huzuni.

Lakini Profesa hakusogea. Ikawa basi. Siwatu alihisi kilima kikimfunga miguu. Alimwona mama yake ameketi mlangoni, uso ameuelekeza barabarani, akimngoja mtu ambaye punde angekuwa kivuli kati ya vivuli.

Kulikuwa na desturi, nayo pia ilinakiliwa kutoka msituni, kwamba Duara halivunjwi kabla kila mmoja hajamwambia jirani yake neno jema. Bwana Chanzera alimwambia Profesa kuwa joho limemkaa vizuri. Siwatu akamgeukia Ngwali. Akashika neno lile ambalo watu wote wa nchi ile humwambia mtu anayetoka hospitali, au safarini, au mazikoni, bila hata kumtazama vizuri.

"Umenawiri, Ngwali."

"Aa, wapi!" akasema Ngwali.



Ngwali alikuwa wa mwisho kulisikia neno lake. Uso ulimsimama nusu ya njia, nyusi zikiwa zimepishana kama zamani, na kwa muda mfupi sana aliyekuwa ameketi pale alikuwa Ngwali. Kisha akafahamu, na rangi ikamtoka.

Mkono wa Profesa ulikuwa tayari kwenye kamba. Neno lilikuwa limesemwa na mwanafunzi, kwa mwanafunzi, mbele ya Duara, na lilikuwa la dhati kiasi kwamba hata viti vilionekana kulisikia. "Mwenzetu Siwatu," akasema, na sauti yake ikapanda kama ya kijana, "Hati inataka kinywa chako. Je, umepingwa?"

Bwana Chanzera naye aliacha kutafuna. "Subirini," akasema polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu akifuata jambo mpaka linapoishia. "Kibali kinasema tasnifu. Kunawiri kumo kwenye tasnifu?"

Alitoa kibali mfukoni, akakisoma upya huku akifuatisha mistari kwa kidole chenye maganda ya karanga. "Hakumo," akasema. "Huyu kijana amepinga kuwa amenawiri. Na amekuwa wapi muda wote huu? Masomo ya juu. Kwa hiyo anasema kwamba masomo ya juu..." Akasita, kwa kuwa alikuwa amefika mahali ambapo hakuwahi kufika.

Siwatu aliitazama kengele. Ilikuwa ndogo na chafu, na buibui alikuwa amejenga ndani yake. Neno moja tu, "nimepingwa," na kesho yake angekuwa ameketi kizingitini kwa mama yake, uso kwa uso, kwenye mwanga mzuri wa asubuhi. Hakuna ambaye angemlaumu. Hata Ngwali alikuwa akimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, na macho yake hayakuomba chochote. Alikuwa ameahidi kumpinga, na ahadi alikuwa ameitimiza.

"Sijapingwa," akasema Siwatu.

"Mwanangu!" akasema Profesa, akisahau kwamba wote walikuwa wenzetu.

"Nimemsikia kwa masikio yangu," akasema Bwana Chanzera. "Amesema 'aa, wapi.'"

"Amesifiwa, kaka Chanzera. Kwani kwenu mtu akisifiwa hujibu nini? Husema 'ndiyo, nimenawiri sana, nizungukeni mnitazame'? Mtu aliyefunzwa hujishusha. Husema 'aa, wapi.' Ni adabu. Mimi nimefurahi kuona kwamba huko mnawafundisha adabu."

Bwana Chanzera aliligeuza jambo hilo kichwani, akaliona limekaa vizuri. Hata hivyo, alikuwa mtu wa utaratibu. Akamgeukia Ngwali. "Ni kweli anavyosema dada?"

Ngwali alifungua kinywa. Siwatu alikijua kinywa kile. Alijua kinavyopinda upande kabla ya kukataa, na sasa kilikuwa kimeanza kupinda. Katika miaka yote hiyo hakuna neno la Siwatu ambalo kilipata kuliacha lipite. Alimkazia macho, akamwomba Mungu amnyime kijana huyu, kwa mara moja tu, kitu pekee alichompendea.

"Ni kweli," akasema Ngwali. "Nimenawiri."

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa Ngwali kumkubalia jambo kwa kutaka mwenyewe, na jambo lenyewe lilikuwa uongo. Tasnifu ilisema kwamba ukweli huhitaji watu wawili. Haikuwa imesema kwamba uongo nao huwahitaji.

*

Gari liliondoka kabla ya alasiri. Ngwali aliingia bila kuambiwa, akakaa katikati, na aligeuka mara moja tu, lakini vioo vya gari vilikuwa vya giza, na Siwatu hakuweza kujua nyusi zake zilikuwa zimekaaje. Inasemekana kwamba cheti alipewa, kwa alama za juu, na kwamba sasa anafanya kazi ya kuitikia mahali fulani.

Wizara ilitoa taarifa. Ilisema kwamba Chuo cha Fikra Pana kimefikia kiwango cha maelewano ambacho vyuo vya ng'ambo havijakiota, kwani hata pale serikali ilipoleta mpinzani kwa gharama zake yenyewe, hakuna tofauti yoyote iliyopatikana. Mlezi alituma pongezi. Zilibandikwa mlangoni mwa Ghala la Mbegu Bora, na kwa kuwa Siwatu alikuwa zamu ya usafi, alizibandika yeye.

Dereva wa lori la maji alipokuja alimkuta ameketi kwenye ngazi.

"Mama yako anauliza," alisema.

"Mwambie nakuja."

"Lini?"

"Mwambie hivyo hivyo tu."

Dereva akatikisa kichwa, akafungua bomba. Maji yalipomalizika kuingia tangini alisema, bila kumtazama, kwamba mwanamke yule siku hizi humshika uso mtu anayezungumza naye, na kwamba mikono yake ni myepesi. Kisha akapanda lori lake.

Asubuhi iliyofuata Siwatu alichagua kunde, akaziosha, akaziinjika. Akachukua chumvi, akaishika mkononi kwa muda. Akaitia mwanzoni.

Alizichochea mpaka kuni zikaisha, akaongeza nyingine, nazo zikaisha. Kisha akapakua sahani mbili, akazipeleka kwenye Duara, moja akaiweka juu ya kiti cha jirani yake, nyingine akaipakata. Profesa Lugome, upande wa pili, alianza kutoa udhuru wa viti vitupu. Alipokifikia hicho alikiruka.

Siwatu akaonja. Kunde zilikuwa ngumu kama kokoto. Alizitafuna kwa uangalifu, kama mtu anayeipa hoja nafasi yake yote, akameza, akakigeukia kiti.

"Umekosea," akakiambia.

Kisha akanyamaza, kama inavyompasa mtu aliyekwisha kusema la kwake, ili na mwenzake apate zamu yake.